Vitu Vidogo Mno na Walinzi wa Mwili



Ndugu wasomaji, mabwana na mabibi, na nyinyi vijana ambao khasa kwa ajili yenu ukurasa huu umewekwa: mwezi huu twapenda kuzungumza juu ya neno moja geni lililoingia majumbani mwetu bila ya kubisha hodi, nalo ni neno "nano". Neno hili laonekana juu ya chupa za mafuta ya kujipaka, juu ya nguo, na juu ya matone yauzwayo kuwa ni dawa. Tena lasikika katika maneno yapitishwayo kwa simu kutoka mkono hadi mkono. Na watu wamekuwa makundi mawili. Kundi moja likisikia kwamba kitu ni cha nano hukikimbilia, likidhani kuwa ndiyo shifaa ya kila maradhi. Kundi la pili likilisikia neno hilo hilo hukimbia, likidhani kuwa ni sumu iliyofichwa. Makundi yote mawili hayajauliza. Wala jambo hili si la mchezo, kwani mwenye kukimbilia huenda akanunua madhara kwa fedha yake, na mwenye kukimbia huenda akamnyima mwanawe kinga ya maradhi yauayo.

Muislamu ndiye mtu wa mwisho apaswaye kukidharau kitu kwa udogo wake. Kila mtoto wa chuo aliyesoma Juzuu Amma ajua kuwa katika Sura ya Zilzala Mwenyezi Mungu Mtukufu ametaja uzito wa dharra, na kwamba kheri na shari, hata zikiwa za uzito huo, zitaonekana Siku ya Kiyama. Na katika Sura ya Sabaa twafundishwa kuwa hata kilicho kidogo kuliko dharra hakifichikani Kwake. Hatusemi kwamba Qur'ani imeteremshwa ili itufundishe vipimo vya maabara, la. Twasema kuwa mtu aliyelelewa kwa mafundisho hayo hana udhuru wa kusema: kitu hiki ni kidogo, hakina neno.

Basi kwanza na tuujue udogo wenyewe. Nanometa moja ni sehemu moja katika sehemu 1,000,000 za milimita. Unywele mmoja wa kichwa una upana wa nanometa baina ya 50,000 na 100,000. Seli nyekundu ya damu ina upana wa kiasi cha nanometa 7,000. Ama vitu tuvizungumzavyo leo, ambavyo mafundi huvitengeneza kwa makusudi, ni vile ambavyo upande wake mmoja au zaidi huwa baina ya nanometa 1 na nanometa 100.

Na kwa nini udogo ubadilishe tabia ya kitu? Kila mama ajua kuwa pilipili manga nzima ikitiwa katika mchuzi si sawa na iliyotwangwa. Pilipili ni ile ile na uzito ni ule ule, lakini iliyotwangwa imeongeza uso wa kukutana na mchuzi. Chukua kitu mfano wa dadu, kila upande wake sentimita 1. Uso wake wote ni sentimita za mraba 6 tu. Lau ungaliweza kukikatakata mpaka kikawa vijidadu vya nanometa moja moja, uzito usingezidi hata kidogo, lakini nyuso zake zote zikijumlishwa zingefika mita za mraba 6,000, karibu na ukubwa wa uwanja wa mpira. Na kitu hukutana na mwili kwa uso wake. Ndiyo maana dhahabu, fedha, chuma au kaboni, vikiwa vidogo kiasi hicho, huweza kufanya mwilini yale ambavyo havikuyafanya vilipokuwa vikubwa.

Sasa na tuwatazame walinzi. Mola wetu hakuuacha mwili wa mwanadamu kuwa nyumba isiyo na bawabu. Mwaka 1882, katika mji wa Messina huko Sicily, mtaalamu wa Kirusi aitwaye Ilya Metchnikoff alichukua watoto wachanga wa kiti cha pwani, yule mnyama wa baharini mwenye umbo la nyota, akawachoma miiba midogo. Siku ya pili akaona kwamba seli zimekusanyika kuuzunguka mwiba, kama watu waliomzunguka mwizi. Kwa uchunguzi wake juu ya seli hizo zilazo wageni, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1908 pamoja na Paul Ehrlich. Sisi nasi tunazo seli kama hizo, nazo huitwa makrofaji, maana yake walaji wakubwa. Hukaa mapafuni, katika ini, katika wengu na mahali pengine, zikimeza vumbi, vijidudu na seli zilizokufa. Pamoja nazo zimo damuni protini ziitwazo komplementi, ambazo ni mfano wa mbiu ya mgambo: zikilia, walinzi wote huamka. Kisha kuna seli zitengenezazo kingamwili na kumkumbuka adui, ili akirudi akutwe watu wako tayari.

Punje ndogo ya kutengenezwa ikiingia damuni haibaki uchi. Mara moja protini za damu huishika na kuifunika, ikawa kama iliyovaa nguo. Mlinzi basi haioni punje yenyewe kwanza, bali aiona nguo. Ikiwa nguo ni ya kutia shaka, punje humezwa. Ikiwa ni ya kirafiki, huachwa ikapita. Kwa hiyo punje mbili za kitu kimoja, zenye uso wa namna mbali mbali, zaweza kupokewa mwilini mapokezi mbali mbali. Kwa sababu hii asemaye "nano ni nzuri" na asemaye "nano ni mbaya" wote wamesema neno lisilo na maana, kama asemaye kuwa kila mgeni ni mwema au kila mgeni ni mwizi. Sharti uulizwe mgeni ni nani, amevaa nini, na amepitia mlango gani.

Tuanze na mgeni mwema. Kila mwalimu wa chuo ajua maana ya mkeka kuwa na nafasi tupu juma baada ya juma kwa sababu ya homa ya malaria. Chanjo ya malaria iitwayo R21 imetengenezwa kwa vijitufe vya protini vyenye upana wa kiasi cha nanometa 20, vikubwa kama virusi vidogo, navyo hutengenezwa ndani ya viumbe vya jinsi ya hamira. Juu yake hutiwa punje nyingine za kiasi cha nanometa 40, zenye sabuni ya asili itokayo katika gome la mti wa Quillaja wa nchi ya Chile, ili kuwaamsha walinzi. Umbo hilo limechaguliwa kwa kuwa mwili umezoea kuyatilia maanani mambo yafananayo na virusi. Chanjo hii ilijaribiwa kwa watoto zaidi ya 4,800 katika Mali, Burkina Faso, na hapa kwetu Kilifi na Bagamoyo. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2024 yalionyesha kuwa katika mwaka wa kwanza iliwapunguzia watoto homa ya malaria kwa kiasi cha asilimia 68 hadi 75, kwa kadiri ya mahali. Madhara yaliyoonekana mara nyingi ni homa na maumivu ya pale palipochomwa sindano. Shirika la Afya Ulimwenguni liliipendekeza mwezi wa Oktoba mwaka 2023.

Wala njia hii si mpya. Chanjo ya homa ya ini aina ya B, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1986, nayo ni vijitufe vya protini vya nanometa 22. Na chanjo za korona zilizoanza kutumika mwishoni mwa mwaka 2020, zile za RNA, hubebwa ndani ya vijitone vya mafuta vya kiasi cha nanometa 100. Katika hizo tayari lilikuwako tatizo la walinzi: RNA ya kutengenezwa ilipotiwa mwilini iliwaghadhibisha kupita kiasi. Katalin Karikó na Drew Weissman walionyesha mwaka 2005 kuwa ikibadilishwa sehemu ndogo tu ya RNA hiyo, ghadhabu hutulia. Nao wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2023.

Sasa mgeni wa khatari. Vijana wetu washughulikao na ujenzi wanaijua asbesto, ile iliyoezekewa majengo mengi ya zamani. Nyuzi zake zikivutwa mapafuni, makrofaji huzivamia ili kuzimeza, lakini uzi ni mrefu kuliko seli. Mlinzi amemeza nusu na nusu imebaki nje, mfano wa paka aliyekwamwa na mwiba wa samaki. Hapo seli hutapika dawa zake kali, jirani zake huungua, uvimbe huwa wa kudumu, na baada ya miaka mingi huweza kutokea saratani. Mafundi wa siku hizi wametengeneza mirija ya kaboni, miembamba kwa kiasi cha nanometa na yenye nguvu kuliko chuma cha pua. Mwaka 2008 wataalamu, wakiwamo wa Edinburgh, walieleza kwamba mirija iliyo mirefu na iliyonyooka, ilipotiwa ndani ya matumbo ya panya, ilileta uvimbe kama wa asbesto. Ile iliyo mifupi au iliyojiviringa haikufanya hivyo. Na mwaka 2014 shirika la kimataifa la uchunguzi wa saratani liliiweka aina moja ya mirija hiyo katika fungu la vitu vinavyoweza kuwa sababu ya saratani kwa mwanadamu, na aina nyingine likasema ushahidi wake hautoshi kukata shauri. Tazameni: kaboni ni ile ile, lakini umbo ndilo lililoleta tofauti.

Kuna na mgeni wa tatu, ambaye amekuja na dawa mkononi lakini baadhi ya walinzi wakamdhania adui. Mwaka 1995 Marekani iliruhusu dawa ya saratani iitwayo Doxil, ambayo imetiwa ndani ya vijifuko vya mafuta vya kiasi cha nanometa 100, na juu yake vikavishwa vazi la polietilini glaikoli ili makrofaji zisivione upesi. Ni hila njema, na wengi wamefaidika nayo. Lakini kwa baadhi ya wagonjwa, dawa ilipoanza kuingia mara ya kwanza, komplementi zilipiga mbiu yao: uso ukawa mwekundu, kifua kikabana, pumzi ikawa nzito. Matabibu wakajifunza kuitia pole pole na kumkalia mgonjwa karibu. Tena yajulikana sasa kuwa mwili waweza kutengeneza kingamwili dhidi ya vazi lenyewe. Hali kadhalika dawa ya kuongeza chuma damuni iitwayo Feraheme, ambayo ni punje za chuma zilizovishwa sukari, iliruhusiwa Marekani mwaka 2009, na mwaka 2015 ikawekewa onyo kali kwa sababu watu wachache walipatwa na mzio uliowaua. Ama mzio mkali kwa chanjo za korona za RNA, huko Marekani ulihesabiwa kuwa wa watu 5 hivi katika kila sindano milioni moja; na ndiyo maana aliyechanjwa huambiwa akae kiasi cha robo saa kabla ya kwenda zake. Kuambiwa "kaa kidogo" si dalili ya hila. Ni dalili kwamba khabari ya walinzi inajulikana na imetayarishiwa dawa.

Na wa nne ni yule ambaye wataalamu wamekhitalifiana juu yake. Watoto wetu hula pipi nyeupe zing'aazo, na chingamu, na keki zilizopakwa sukari. Weupe huo katika nchi nyingi hutokana na unga wa dayoksaidi ya titani, uandikwao E171, ambao sehemu ya punje zake ni ndogo kuliko nanometa 100. Mwaka 2017 wataalamu wa Ufaransa walitangaza kuwa panya waliopewa unga huo walionekana kubadilika walinzi wa matumbo yao, na baadhi wakaota alama za kuelekea saratani. Wengine waliojaribu baadaye hawakuyaona hayo. Mwaka 2021 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilisema kuwa haiwezi tena kuuhesabu kuwa salama, kwani haiwezi kuiondoa shaka ya kuharibu asili ya seli. Na tangu Agosti 2022 unga huo umekatazwa katika vyakula vya nchi za Umoja wa Ulaya. Lakini kamati ya wataalamu ya mashirika ya Umoja wa Mataifa, yale ya afya na ya chakula, iliuchunguza mwaka 2023 ikasema haikuona sababu ya kuukataza.

Je, afanyeje mzazi panapokuwa na khitilafu kama hii? Hapa ndipo yalipo makusudio ya maneno yetu yote. Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kuliacha lenye kutia shaka tukalishika lisilotia shaka, na wanavyuoni wameliita jambo hilo wara'. Lakini wara' una mizani, na mizani yake ni kuuliza: nikiacha kitu hiki, nimepoteza nini? Mtoto aliyenyimwa pipi nyeupe hakupoteza kitu. Mpe embe au tende, naye atafurahi. Basi kuiacha E171 kwa shaka ni wara' mwepesi na mzuri. Lakini mtoto aliyenyimwa chanjo ya malaria kwa maneno yasiyojulikana yametoka kwa nani, huyo ameachwa mkononi mwa mbu. Huo si wara' hata kidogo. Faida imethibitika kwa hesabu, na shaka imetoka kwa uvumi; nanyi mwaijua kanuni ya mafakihi wetu, kwamba yakini haiondolewi kwa shaka.

Tena tujihadhari na kuchanganya milango. Ndugu zetu wenye ualbino huhitaji mafuta ya kuzuia jua, na mengi katika hayo yana punje ndogo za oksaidi ya zinki au za titani. Uchunguzi umeonyesha kuwa ngozi nzima haizipitishi punje hizo ila kwa kiasi kidogo sana kisichotiwa maanani, ilhali jua lisipozuiwa huwaletea saratani ya ngozi. Basi ni makosa makubwa mtu kuwatia khofu wakayaacha. Lakini kitu hicho hicho kikipulizwa hewani kikavutwa, mlango umekuwa mwingine. Na ndiyo maana wataalamu wa Ulaya waliyakubali mafuta ya kupaka na hawakuyapendekeza yale ya kupuliza yawezayo kufika mapafuni.

Hali kadhalika fedha. Kitambaa chenye fedha hutumiwa na matabibu juu ya kidonda cha moto ili kuua vijidudu. Lakini wako wauzao maji yenye punje za fedha ili yanywewe, wakidai kuwa huongeza kinga ya mwili. Serikali ya Marekani ilitamka mwaka 1999 kuwa dawa za namna hiyo zinazouzwa bila ya cheti cha daktari hazikuthibitika kuwa salama wala kuwa na faida. Na anywaye fedha kwa muda mrefu huweza kugeuka ngozi ikawa ya rangi ya kijivu na buluu, wala rangi hiyo haitoki. Ajabu ni kuwa mara nyingine nyumba moja hukataa sindano ya kliniki kwa khofu ya nano, kisha hununua chupa ya maji haya kwa sababu ya jina la nano.

Wala tusisahau vumbi letu wenyewe. Moshi wa kuni na makaa haukutengenezwa na fundi, lakini umejaa chembe ndogo za vipimo hivi hivi, nazo humezwa na makrofaji zile zile za mapafuni mpaka zikachoka. Shirika la Afya Ulimwenguni limekadiria kuwa moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 katika mwaka 2020. Basi aogopaye vitu vidogo na aanze kwa kufungua dirisha la jikoni, na kumwondoa mtoto mchanga mgongoni mwa mama wakati wa kupuliza moto. Na kijana aambiwaye avunje paa la asbesto asilikate kwa msumeno likiwa kavu, wala asikubali kazi hiyo bila ya kifuniko cha pua kilichowekwa kwa kazi hiyo. Mwili ni amana, na ujira wa siku moja hauwi badali ya mapafu.

Alhasili, enyi vijana, mkiletewa kitu kilichoitwa cha nano, ulizeni maswali manne. Kimetengenezwa kwa kitu gani, na kwa umbo gani? Chaingia mwilini kwa mlango gani: ngozi, mapafu, tumbo au damu? Ni kiasi gani, na kwa muda gani? Na nani amekipima, akaandika jina lake na kuwa tayari kuulizwa? Muuzaji asiyeweza kujibu hata moja, mwacheni na chupa yake. Na mwenye kupeleka maneno ya kutisha kwa simu, naye mwulizeni maswali hayo hayo. Akinyamaza, maneno yake yaishie kwenu. Mwenyezi Mungu ametukataza kulifuata tusilo na ilimu nalo, na akatukhabarisha kuwa masikio, macho na nyoyo vitaulizwa. Katazo hilo lamkhusu mwenye kukimbilia kama limkhusuvyo mwenye kukimbia.

Twamwomba Mola atuhifadhie watoto wetu, awape nguvu walinzi aliowaweka miilini mwetu, na atujaalie kuwa miongoni mwa wenye kuuliza kabla ya kuhukumu. Amin.

Wallahu aalam. Wabillahi taufiq.